Ua la boga nyuma ya jiko: Picha moja kwa siku inavyorudisha furaha nyumbani

Mwezi Februari, mvua za Songea zikiwa bado zimekolea, ua la boga hufunguka alfajiri. Kufika saa moja asubuhi limeshajitandaza lote, njano iliyokolea mpaka inaonekana kama imewashwa taa kwa ndani. Nyuki wanaingia na kutoka wakiwa wamepakaa unga. Saa sita mchana ua limeshasinyaa, na kesho yake halifunguki tena.

Mwenye nyumba hulipita mara mbili, akienda kuchota maji na akirudi. Akisimama, amesimama kwa ajili ya majani, kwa sababu msusa ndiyo mboga ya leo. Hakuna wa kumlaumu. Mwenye kuwaza ada ya shule, mbolea na mgonjwa aliyelala ndani hana muda wa kukodolea macho ua.

Lakini kuna watu, na si wachache, ambao wamejizoesha kusimama hapo kwa dakika moja, kutoa simu, kupiga picha na kuendelea na safari. Dakika hiyo moja inawafanyia kitu ambacho wao wenyewe hupata shida kukieleza.

Mitaani siku hizi kuna msemo: "Mpeni maua yake." Anayesema hivyo hana ua mkononi. Anataka mtu asifiwe kwa alichofanya, ashukuriwe hadharani. Ajabu ni kwamba maua yenyewe, yale yenye shina na harufu, familia nyingi huyapeana siku mbili tu, ya harusi na ya mazishi. Songea inayajua maua ya mazishi kuliko miji mingi. Kila mwaka tarehe 27 Februari mji huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906, na mashada huwekwa makaburini. Ni heshima inayostahili. Ila ndani ya nyumba zetu hali inauma kidogo: ua la kwanza ambalo baba anapewa na wanawe mara nyingi ni lile linalowekwa juu ya kaburi lake.

Simu nazo zinafuata mkondo huohuo. Fungua sehemu ya picha kwenye simu ya mtu mzima yeyote. Utakuta kipaimara cha mtoto, sherehe ya kumuaga binti, jeneza la mjomba, risiti ya benki na picha ya sakafu iliyopigwa kwa bahati mbaya. Siku kubwa zote zimo. Siku za kawaida, ambazo ndizo maisha yenyewe, hazimo.

Mama, binti na kimya cha Jumapili

Chukua mfano wa nyumba moja, ambayo inaweza kuwa ya mtaa wowote kuanzia Bombambili hadi Msamala. Mama ana miaka sitini na kitu. Mumewe alifariki mwezi Agosti. Anaishi na mjukuu wa miaka kumi na miwili, mtoto wa mwanawe wa kiume. Binti yake yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa basi, na hupiga simu kila Jumapili jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mguu unaendeleaje?"

"Hivyo hivyo tu. Mungu anasaidia."

"Nimetuma hela kidogo ya dawa."

"Imefika. Ahsante."

Halafu kimya. Kila mmoja anamsikia mwenzake akipumua. Hawajagombana. Wanapendana sana, ila tangu msiba hawana cha kuzungumza zaidi ya mguu na hela. Kumtaja baba kunaumiza, na kutomtaja kunaumiza vilevile. Anayewahi kusema "haya, usiku mwema" ndiye anayemwokoa mwenzake.

Sasa asubuhi moja ya Februari mjukuu, akichezea simu ya bibi, analipiga picha ua la boga nyuma ya jiko na kumtumia shangazi yake. Hajaandika kitu. Shangazi anaiona akiwa kwenye daladala na kujibu: "Hilo la wapi?" Mtoto anaandika: "La hapa. Pale alipokuwa anakaa babu."

Jumapili inapofika, maswali ya kwanza hayahusu mguu.

"Mama, yale maboga nani kapanda?"

"Nimepanda mimi. Ila mbegu ni za baba yako. Alizikausha mwenyewe kwenye ungo, Julai ile, akazifunga kwenye kitambaa akaning'iniza juu ya meko. Mimi nilizikuta tu wakati wa kupanda."

Kwa mara ya kwanza tangu Agosti wanamzungumzia marehemu kama mtu aliyekuwa akikausha mbegu, mtu mwenye kupenda boga la kuchemsha na kuchukia la nazi. Binti analia, mama naye analia, lakini simu haikatwi. Inadumu nusu saa.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini walio na wazazi mbali watakitambua. Ua lilifanya kazi ambayo maswali ya "unaendeleaje" hayakuweza. Lilimpa mama kitu cha kuonyesha badala ya kitu cha kulalamikia, na likampa binti sababu ya kuuliza.

Watafiti wamesema nini

Mambo haya yamechunguzwa. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti uliowagawa watu katika makundi. Katika jaribio mojawapo, kundi moja liliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo ambayo lilikuwa na sababu ya kuyashukuru. Kundi jingine liliandika mambo ya kukera, na la tatu liliandika matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho zuri zaidi, wakawa na matumaini zaidi na wiki inayofuata, na hata mazoezi ya mwili walifanya zaidi kuliko wale waliohesabu kero.

Karibu zaidi na simu ya mkononi ni kazi ya Liz Brewster na Andrew Cox, watafiti wa Uingereza, iliyotoka mwaka 2018. Waliwafuatilia kwa miezi miwili watu wenye mazoea ya kupiga picha moja kila siku na kuwaonyesha wengine. Waligundua kwamba zoezi hilo dogo liliwafanya watu watoke nje ya nyumba, likawapa jambo la kuzungumza na wenzao, na likawaachia kumbukumbu za kurudia siku zinapokuwa nzito. Mtu aliye peke yake, mstaafu au aliyefiwa, alipata sababu ya kuamka na kutazama.

Hata hivyo kuna upande wa pili ambao wapenda picha hawapendi kuusikia. Mwaka 2014 Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alionyesha kwamba watu katika ziara ya makumbusho walikumbuka vichache kati ya vitu walivyovipiga picha kuliko vile walivyovitazama tu kwa macho. Kamera ilikuwa imekumbuka kwa niaba yao. Lakini walipoambiwa waisogeze kamera mpaka sehemu moja ndogo ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Kwa maneno ya Kiswahili cha kawaida, anayefyatua ovyo hupoteza, na anayechagua hubaki na kitu.

Ndiyo maana picha mia moja za harusi humwacha mtu mtupu, na picha moja ya ua la boga ikamkaa rohoni.

Mji hauishiwi rangi

Ukitaja maua katika Nyanda za Juu Kusini, wengi hukumbuka Kitulo, hifadhi ya taifa iliyoko mikoa ya Njombe na Mbeya, iliyotangazwa mwaka 2005. Inaitwa Bustani ya Mungu, na ina aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini. Ni mahali pa kwenda mtu akijaliwa nauli. Lakini mkazi wa Songea hana haja ya kungoja Kitulo.

Anza na Septemba na Oktoba. Mvua haijanyesha hata tone, ardhi imepasuka, vumbi limejaa kwenye nyasi. Hapo ndipo miyombo inapochipua majani mapya, na majani hayo si ya kijani. Ni mekundu, ya rangi ya shaba, mengine yanakaribia zambarau. Ukiwa kwenye basi la kwenda Namtumbo au Mbinga unaona kilima kizima kimewaka, na mgeni hudhani ni maua. Baada ya wiki chache rangi hiyo imekwisha, kila kitu ni kijani, na aliyekuwa amelala kwenye basi amekosa mpaka mwakani.

Mvua zikianza, Mbinga mikahawa hutoa maua meupe kama theluji ya kwenye kalenda, yenye harufu inayofanana na asumini. Hudumu siku mbili au tatu tu. Mkulima hulifurahia ua la kahawa kwa sababu ni hela ya mwakani, na hiyo nayo ni furaha halali. Mkulima wa tumbaku kule Namtumbo ana uhusiano mwingine kabisa na ua. Tumbaku huchanua waridi mpauko wa kupendeza sana, naye hupita mstari kwa mstari akiyakata yote ili nguvu ya mmea irudi kwenye jani. Mtu anayekata maua elfu kwa msimu ana haki ya kuyaona kama kazi. Lakini akipiga picha moja kabla ya kukata, hajapoteza kilo yoyote ya tumbaku.

Alizeti inahitaji maelezo kidogo kwa wapiga picha. Kichwa chake kikiwa kichanga hufuata jua kutoka mashariki hadi magharibi. Kikishakomaa huacha kuzunguka na kubaki kimetazama mashariki. Kwa hiyo anayefika shambani jioni akitokea upande wa barabara ya magharibi atapiga picha za visogo vitupu, kisha alaumu simu. Aende asubuhi, asimame upande wa mashariki na kulipa jua mgongo. Na akisogea karibu ataona kwamba lile si ua moja bali mamia ya maua madogo yaliyobanana kwenye sahani moja.

Juni na Julai ni mtihani. Baridi ya Songea inaingia mpaka kwenye mifupa, majani yamekauka, maua ni machache. Wakati huo rangi huhamia kwa watu. Maharage yaliyoanikwa kwenye turubai, mekundu, ya njano na yenye madoa. Masweta ya mitumba yaliyotundikwa kwa safu. Mabeseni ya plastiki ya bluu na kijani. Nyanya zilizopangwa mafungu, pilipili, parachichi, na dagaa wa Nyasa wanaong'aa kama shilingi mpya. Kanga mbili kwenye kamba, jua la saa tatu likipita kati yake.

Kwa mwanamke aliyevaa nguo za msiba kwa miezi mingi, kanga hizo zina uzito wake. Wapo ambao rangi imewatoka machoni kabisa. Wanaiona, lakini haiwafikii. Siku anapoitoa sandukuni kanga aliyonunuliwa na marehemu, akaifua na kuianika, hajavua nguo nyeusi bado, ila amegusa rangi. Akiipiga picha, basi amekubali kuitazama.

Waliowahi kupiga magoti hapa

Kutazama maua ya Songea kwa makini si jambo geni. Mwaka 1955 na 1956 wataalamu wawili wa mimea kutoka bustani ya Kew, London, Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor, walikuja wilaya ya Songea na kukaa miezi kadhaa wakikusanya mimea, ikiwemo ile ya milima ya Matogoro ambako mto Ruvuma unaanzia. Taylor baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa jamii ya vimea vidogo vya majimaji vinavyokamata wadudu, vimea ambavyo huwezi kuviona bila kupiga magoti kwenye matope.

Mkusanyaji wa mimea ana desturi moja inayofaa kuigwa. Ua likikaushwa kwa kubanwa kwenye karatasi hupoteza rangi; bluu hugeuka kahawia, waridi hupauka. Kwa hiyo huandika rangi ya ua papohapo, likiwa bado bichi, kwenye kipande cha karatasi kinachoambatana nalo. Shina hubaki miaka mingi, jani hubaki, lakini rangi isipoandikwa siku hiyo imepotea.

Namna ya kuanza

Simu yoyote yenye kamera inatosha. Kabla ya yote, futa kioo cha kamera kwa pindo la kanga safi, kwa kuwa simu inayokaa kwenye pochi pamoja na karanga na sarafu huona ukungu hata siku ya jua kali. Kisha songa karibu kwa miguu badala ya kuvuta picha kwa vidole. Inama. Ua likipigwa kutoka juu linaonekana kama kifuniko; likipigwa kwa usawa wake linaonekana kama uso. Gusa kioo pale unapotaka paonekane vizuri, shusha pumzi, kisha bonyeza.

Asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi mwanga ni mpole. Siku ya mawingu usikate tamaa, maana nyekundu na zambarau hutulia vizuri zaidi bila jua la utosi.

Piga chache. Usiku chagua moja, futa nyingine. Ile moja iandikie neno, hata kama ni "nyuma ya jiko, baada ya mvua". Wengine huituma kwenye kundi la familia, ambako kwa kawaida hukutana na ujumbe wa kusambazwa mara elfu na michango ya harusi. Ua likitua katikati ya michango hiyo, mara nyingi yule shemeji asiyesemaga kitu ndiye wa kwanza kujibu.

Sokoni kuna adabu zake. Mama muuza pilipili akiona mtu anayapiga picha mafungu yake bila salamu atadhani ni mtu wa ushuru. Anza na shikamoo, eleza, omba, na nunua fungu moja hata kama pilipili unazo nyumbani. Mwonyeshe picha. Wengi hucheka wakiona jinsi biashara yao ilivyo nzuri, kwani toka saa kumi na mbili alfajiri walikuwa wanaiona kama mzigo tu. Watoto wa watu wasipigwe picha bila ruhusa ya wazazi wao, na mgonjwa aachwe na staha yake.

Na ukweli usemwe: picha hailipi ada wala haiponyi presha. Kumwambia mtu mwenye deni "shukuru, tazama maua" ni dharau. Aliyezama kwenye huzuni isiyopungua, asiyelala, asiyekula, anayesema ni bora afe, anahitaji watu wa kukaa naye na anahitaji kufikishwa kwa mtaalamu wa afya, na mapema. Ua linaweza kuwa mlango wa mazungumzo hayo. Halichukui nafasi yake.

Kumpa mtu maua yake

Jambo moja hujitokeza kwa wanaoendelea na zoezi hili kwa muda. Mwezi wa kwanza wanapiga maua. Mwezi wa pili wanaanza kuona mikono: mkono unaomwagilia, unaopanga nyanya, unaokunja kanga. Mwezi wa tatu au wa nne wanagundua kwamba hawana hata picha moja ya mama akiwa hajajiandaa, akiwa kwenye kigoda anachambua mchicha. Picha zake zote ni za vitenge vya sare, amesimama wima kama yuko kwenye gwaride.

Katika ile nyumba ya mfano, mjukuu ndiye anayefika hapo kwanza. Anampiga picha bibi yake akiwa ameinama kwenye maboga, akitafuta maua ya kike, yale yenye kiboga kidogo chini yake, ili asiyachume kimakosa pamoja na ya mboga. Bibi anakataa: "Wewe mtoto, nimechafuka hivi?" Mtoto anaituma hata hivyo. Shangazi anaiweka kwenye kioo cha simu yake, na kila akitazama saa akiwa kazini anamwona mama yake na njano ile.

Simu za Jumapili sasa zina ajenda. Ua lile la pembeni limeshika? Limeshika. Panya hawajala? Bado. Limefikia ukubwa gani? Mtoto anaweka kikombe pembeni yake na kupiga picha ili shangazi apime mwenyewe.

Mwezi Juni, asubuhi ya baridi na ukungu, bibi na mjukuu wanafika stendi kabla hakujapambazuka wakiwa na kiroba kilichoshonwa mdomo. Kondakta anauliza kuna nini humo.

"Boga," anasema bibi. "La baba yake. Liweke juu, lisigongwe."